Oili Chafu ya Fundi Melkiori

Vijana wa gereji ya usharika wamenitaka niandike mambo ya kazi yangu kabla sijayasahau. Niliwajibu kwamba ningependa sana kusahau, ila Mungu hakunijalia. Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa gari, na sasa mikono yangu haina kazi zaidi ya Biblia na jembe, basi nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana nilianza nikiwa dereva na nimemaliza nikiwa dereva. Nitaeleza habari ya kumwaga oili, kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza niliyofundishwa, na ndiyo iliyomfukuza mtu aliyenifundisha.

Nilianza mwaka 1978, vita vilipozuka huku mpakani. Dereva wa kanisa alikuwa amechukuliwa kwenda kuendesha malori ya jeshi, na mchungaji akatafuta mtu mwenye leseni asiyekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Katika maeneo yetu, kati ya Nyaishozi na Chonyonyo, masharti hayo mawili yalikutana kwa watu wachache sana. Nikapata kazi bila hata kuulizwa kama najua kuendesha.

Gari lilikuwa Landrova ya dizeli ya rangi ya kijivu. Lilibeba wagonjwa wa zahanati, dawa, maiti, na Jumapili lilimbeba mchungaji kwenda kwenye mitaa ya mbali. Asubuhi ya kwanza nilielekezwa kwa Fundi Melkiori, ambaye alikaa kwenye kibanja cha kanisa, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kando ya zahanati. Nilikuta miguu miwili ikichungulia chini ya gari, katikati ya migomba.

Nikasema, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umepima oili?"

Nikamwambia ndiyo kwanza nafika.

"Hata anayefika sasa anapima," akasema, wala hakutoka huko chini mpaka nilipofungua boneti.

Fundi Melkiori alizaliwa Burundi, akavuka huku akiwa kijana kuja kuchuma kahawa kwa watu. Ufundi alijifunza kwenye karakana ya watengeneza barabara. Alikuwa Mkatoliki katika usharika wa Kilutheri, na kila Jumapili alitembea kwa miguu kwenda kusali kwao, huku gari alilolitengeneza likitupeleka sisi kusali kwetu. Watu walimpenda. Niliamini hivyo kwa miaka kadhaa.

Gereji hatukuwa nayo. Kazi yote ilifanyika nyumbani kwake. Alikuwa amechimba shimo refu la kuingia mtu, na pande mbili ameweka mbao nene za kupitisha matairi. Mwanzoni shimo lile lilileta maneno. Sisi huzika watu wetu kwenye kibanja, na shimo la urefu ule likikaa wazi wazee husema linamngoja mtu. Mzee Erasto, mzee wa kanisa ambaye kibanja chake kilipakana na hicho cha kanisa, alikuja mwenyewe kumtaka fundi alaze shina la mgomba humo ndani kila gari lisipokuwepo, ili shimo lijione limekwisha kupata mtu wake. Mchungaji alisema huo ni ushirikina. Melkiori aliliweka shina, akasema halimzuii kufanya kazi na jirani atalala usingizi. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa ninyi vijana sikilizeni namna alivyomwaga, maana naona siku hizi mnamwaga kama watu wanaomwaga maji ya kuoshea vyombo.

Kwanza alizungusha injini mpaka ipate moto, kwa sababu oili baridi hushuka na kuacha uchafu wake ndani. Kisha alizima, akangoja kidogo ili isimuunguze. Alishuka shimoni na spana moja iliyoikaa sawasawa boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Spana ya kubahatisha hakuigusa, maana boliti iliyolika kona ni msiba. Alilegeza kwa spana, akamalizia kwa vidole huku akiisukuma boliti juu, halafu akaiondoa ghafla, oili ikaangukia ndani ya debe bila kumgusa kiwiko. Washa ya shaba, kipete cha kuzuia oili isivuje kwenye boliti, aliipangusa na kuiweka mdomoni, ati mdomoni haipotei. Oili ilipobaki matone alichukua moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua na kulinusa. Akisikia mchanga, chujio la hewa limetoboka. Akiona weupe kama wa chai ya maziwa, maji yameingia. Alinifanya nisugue mpaka vidole vyangu vikajua.

Mrija wa kumiminia hatukuwa nao. Alikata jani la mgomba, akalipitisha juu ya moto mpaka likalainika lisichanike, akalikunja kwa umbo la pia. Oili mpya ilipita humo taratibu. Kisha aliwasha injini, akazima, akangoja, akavuta stiki ya kupimia oili, akaifuta, akairudisha, akaivuta tena. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu ya kuonya oili ikipungua, lakini ya gari letu ilikuwa imeungua, na balbu ya namna ile haikupatikana hata Bukoba. Kwa hiyo stiki ndiyo ilikuwa taa yetu. Alilisema hilo kwangu, kwa mchungaji, na kwa katibu wa usharika, ambaye alikuwa na ufunguo wa pili na aliyependa kuendesha kuliko alivyojua kuendesha. Katibu alijibu kwamba amesikia.

Oili chafu haikumwagwa chini. Nyumba zetu wakati huo zilikuwa za miti na udongo, na mchwa wa Karagwe hula nguzo kutoka ardhini kwenda juu, mpaka siku moja unaegemea ukuta nao unakuja na wewe. Dawa iliyojulikana ni oili chafu. Ukiipaka nguzo kabla ya kuisimamisha, mchwa haigusi. Wengine waliwapaka mbuzi wenye upele, wengine minyororo ya baiskeli. Melkiori aliigawa bure. Kila siku ya kumwaga ilipokaribia, tangazo lilisomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa: Jumamosi fundi anamwaga, wenye nguzo waje. Watu walikuja na vibuyu, makopo na chupa. Aliwapimia kwa kikombe kimoja, mzee wa kanisa sawa na mjane, na wale wa imani nyingine sawa na sisi. Kina mama walimtania kwamba fundi ana kanisa lake, na sadaka ya kwake mtu haendi nayo bali anarudi nayo. Zamu ya kugawiwa ilipochelewa, walimuuliza njiani, "Fundi, gari halijachafuka tu?"

Ikaja miaka ya shida, baada ya vita. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa, chumvi ya kutafutwa, na oili ya injini ilikuwa ya kuombewa. Melkiori aliongeza umakini. Aliweka sheria moja, akaniapisha nayo kama kipaimara: haimwagwi ya zamani kabla mpya haijashikwa mkononi.

Jumapili moja tangazo likasomwa kama kawaida, kwa kuwa mfanyabiashara mmoja wa Omurushaka alikuwa ametuahidi oili. Ijumaa jioni nililiegesha gari juu ya shimo. Oili ikawa haijaletwa. Jumamosi asubuhi waliokuja na vibuyu fundi aliwaambia warudi nyumbani, leo hamwagi. Mzee Erasto hakuwepo kati yao, alikuwa msituni akikata nguzo za nyumba mpya ya mwanawe aliyekuwa karibu kuoa. Mimi na Melkiori tukapanda baiskeli kwenda kuitafuta oili wenyewe. Gari tuliliacha limefungwa milango. Boliti ya sampu haifungwi kwa ufunguo.

Tuliipata. Debe moja, limefungwa vizuri, halijachanganywa kitu. Melkiori alilifunga kwenye keria ya baiskeli kwa kamba za migomba, na njia nzima alikuwa akigeuka kuliangalia kama mtu aliyebeba mtoto. Alikuwa na furaha. Aliniambia jioni tutamwaga, na wale wa vibuyu wataitwa tena.

Tulikuwa tumekwisha kuteremka mlima, tukikokota baiskeli kupanda upande wa pili, tuliposikia gari. Mimi nilisikia gari tu. Yeye alisimama.

"Hiyo sauti si yake," akasema.

Landrova yetu ikatokea kwenye kona, ikija kwetu, katibu akiwa kwenye usukani. Alikuwa anakwenda Kayanga kumpokea mgeni wa kanisa. Injini ilikuwa inalia kama mtu anayesaga mawe. Melkiori aliitupa baiskeli chini, debe na yote, akasimama katikati ya barabara na kuinua mikono miwili. Katibu alidhani tunaomba lifti. Alipiga honi, akatukwepa kwa upande wa majani, akatupungia mkono. Melkiori alikimbia nyuma yake akiita "Zima, zima," mpaka gari likapotea kwenye vumbi. Tulilikuta juu ya mlima. Lilikuwa limenoki, vyuma vya ndani vimekamatana, injini haizunguki tena. Moshi ulikuwa ukitoka chini ya boneti, na katibu amesimama pembeni akijipepea kwa kofia. Melkiori alivuta stiki. Ilikuwa kavu. Aliifuta hata hivyo, akairudisha mahali pake taratibu.

Niliwahi kurudi kwenye shimo kabla yake. Pale chini palikuwa na matone mapya, na washa ya shaba imeachwa ukingoni juu ya jani. Boliti, kama tulivyokuta kule mlimani, aliyeirudisha aliikaza kwa mkono tu. Kutoka shimoni, juu ya nyasi tulizotandaza kwenye migomba, palikuwa na matone yaliyofuatana mpaka kwa Mzee Erasto. Niliyafuata. Nguzo za nyumba mpya zilikuwa zimelazwa juani, nyeusi, zikimetameta, na debe limefunikwa kando yake. Nilimwambia Melkiori. Aliniambia nisipige kelele njiani, nikayaseme kwenye baraza. Jioni ile ikanyesha mvua, nayo ikaosha matone yote.

Baraza la wazee wa kanisa lilikaa baada ya ibada. Mzee Erasto ndiye aliyefungua kwa sala. Katibu alisema taa nyekundu haikuwaka, na kweli haikuwaka. Melkiori aliweka debe la oili mpya mezani akaeleza sheria yake, kwamba hamwagi ya zamani kabla hajashika mpya. Wakaligeuza neno lake: kama alikwenda kutafuta mpya, basi ya zamani alikuwa amekwisha kuimwaga, akaacha gari tupu bila kumwambia mtu. Nikasimama mimi. Nikaeleza habari ya washa, matone na nguzo. Mwenyekiti akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kama kuna mtu mle ndani ambaye nguzo za nyumba yake si nyeusi. Nguzo za nyumba za wazee wote zilikuwa nyeusi. Hata zangu.

Mzee Erasto akasema, "Zangu nimezipaka kwa oili aliyonigawia fundi mwenyewe siku zilizopita, kama ninyi nyote. Sijui leo imegeuka kuwa dhambi kwa nini."

Watu wakacheka kidogo. Basi ule wema wa miaka yote ulikuwa umefuta alama. Angekuwa mchoyo, nguzo zile zingekuwa shahidi. Mzee mmoja akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mzaliwa wa hapa angeumia zaidi kwa ajili ya gari la hapa. Hapo nikajua limekwisha. Nilimtazama Melkiori. Alikuwa anatazama debe.

Aliachishwa kazi, na kibanja kilikuwa cha mwenye kazi. Alihama na mkewe na watoto, migomba aliyoipanda ikiwa na mikungu. Mzee Erasto ndiye aliyesimamia kufukiwa kwa shimo, akaagiza lilazwe shina la mgomba kwanza. Siku ya kuondoka, fundi alinipa spana ya boliti ya sampu. "Yoeli, pima kwanza," ndiyo maneno aliyoniambia.

Kwa muda mrefu baada ya hapo wagonjwa walibebwa kwa machela mabegani, wajawazito pia. Wengine walifika. Injini ilipopatikana nilirudishwa kwenye usukani, nikaendelea kulitumikia kanisa lililomtoa mwalimu wangu. Mnaweza kuniuliza kwa nini nilibaki. Nilikuwa na watoto, na niliamini, na bado naamini, kwamba kanisa ni la Mungu hata siku wazee wake wakiliazima. Nilimwaga oili nyumbani kwangu, kwenye shimo langu, kwa mkono alionifundisha yeye. Tangazo kanisani niliwaomba waache kulisoma. Waliotaka oili walikuja, niliwapa. Ila boliti niliifunga kwa waya wa shaba niliousokota mwenyewe, na ninyi mmekuwa mkiucheka bila kujua ni wa nini.

Nilimtembelea Melkiori mara moja, upande wa Kyerwa, alikokuwa akilima kahawa ya mtu mwingine. Mikono yake ilikuwa imetakata. Ilinisikitisha kuliko nguo zake zilizochakaa. Alinikaribisha ndizi na maharage, akauliza habari za gari, wala hakuuliza habari za mtu yeyote.

Miaka ikapita. Katika miaka ya tisini Mzee Erasto aliugua, na ni mimi niliyempeleka hospitali. Tulikuwa wawili mbele, mwanawe amelala nyuma kwa uchovu. Tulipofika ule mlima alianza kusema, kwa Kinyambo chetu kwanza, halafu kwa Kiswahili kama watu wanavyosema mambo ya kanisani.

"Yoeli, oili ile niliimwaga mimi."

"Najua, Mzee."

"Tangazo nililisikia. Nilifika nikakuta gari liko shimoni na hakuna mtu. Nguzo zilikuwa zinasimamishwa Jumatatu. Nikaona ni ileile ya kumwagwa, niwapunguzie kazi." Akakohoa. "Boliti niliirudisha. Nilimwona mara nyingi anavyofanya."

"Na kwenye baraza, Mzee?"

"Kwenye baraza niliogopa. Wangenivua uzee wa kanisa."

"Yeye walimvua nyumba."

Baadaye akaniomba nimsamehe. Nikamwambia kwamba msamaha huo hauko kwangu, ila mwenyewe yupo Kyerwa na njia naijua. Nikamwombea pale hospitali, mkono wangu juu ya kichwa chake, kwa sababu nimefundishwa kuomba hata pale ambapo moyo haujafika. Nilimwambia mchungaji wetu mpya maneno aliyoyasema. Mchungaji alishukuru kwa toba ya mzee, akasema tusiwasumbue washarika kwa mambo ya zamani.

Nilikwenda Kyerwa peke yangu, Jumamosi iliyofuata. Nilikwenda na ile spana mfukoni, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumrudishia. Mwenye shamba alinipokea vizuri. Akanipeleka nyuma ya kahawa, mahali palipoinuka kidogo, nyasi zimeanza kuota. Melkiori alikuwa amezikwa hapo tangu msimu wa mvua uliopita. Mkewe na watoto walikuwa wamekwisha kuondoka, mwenye shamba hakujua wameelekea wapi. Niliyasema maneno ya Mzee Erasto kwa sauti, yote kama alivyoyasema, hata lile la boliti. Kisha nikarudi, maana Jumapili kulikuwa na ibada na dereva nilikuwa mimi.

Mzee Erasto alipona, akaishi bado kidogo, akafa akiwa mzee wa kanisa. Nyumba ya mwanawe ipo. Nikipita huwa naiona, haijapinda. Namshukuru Mungu kwa afya, kwa wanangu, na kwa miaka yote ambayo sikumwangusha mgonjwa njiani; shukrani hizo ni za kweli na nazitoa kila asubuhi. Lakini mlitaka kazi yangu, nami nimewapa. Oili imwageni ikiwa na moto. Msimwage ya zamani kabla ya kushika mpya. Pimeni, hata mkiwa mmefika sasa hivi.

Mkitoka nje ya gereji yenu, zihesabuni nyumba za zamani za miti zilizobaki zimesimama, kutoka hapo mpaka barabarani. Mojawapo ni hii ninamoandikia. Zote mchwa hakuzigusa, na zote zilipakwa kwa kikombe cha mtu mmoja ambaye hapa kwetu hakuachiwa hata mahali pa kuzikwa.